Siku Fundi Umeme Alipoinuka Kitini

Jongeeni, enyi mnaoinamia vyerehani, madawati na mabeseni ya nguo! Nyoosheni migongo, tegeni masikio, niwasimulie siku ambayo mwanamume mmoja alisimama.

Mgeni asiyejulikana mtaani aliingia dukani kwa fundi cherehani kinyumenyume, bila hodi, faili limemziba makalio. "Fundi, niokoe! Suruali imeachia mshono huku nyuma, na usaili wangu ni saa nne kamili!"

"Umefika ngomeni kwa Umeme!" alinguruma shujaa wetu, bwana wa vidole vyepesi vilivyompa jina hilo, mshindi wa sare za kwaya tatu, ambaye hakuna fundi aliyewahi kumtangulia kumaliza kazi. "Pita nyuma ya pazia, vua, jifunge kitambaa hicho. Hutamaliza kupiga chafya kabla hujavaa."

Saa ilikuwa tatu na nusu. Cherehani kikavuma, sindano ikashuka kama mvua ya mishale, na ule mpasuko ukaanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, kama jeshi lililokata tamaa.

Lakini jueni kwamba shujaa alikuwa amefungwa na kiapo. Mwezi uliopita alishinda kutwa amejikunja kama ndoano, na jioni mgongo ukakataa kunyooka. Siku nne mkewe alimvisha soksi. Siku ya tano mke akasema, "Baba watoto, soksi zimenichosha. Niahidi: kila uzi wa chini ukiisha, simama, tembea hadi mlangoni, shika kiuno, vuta pumzi tano, ndipo urudi."

Akaapa. Kisha, binadamu ni binadamu, akajaza bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, hadi ikafura, ili isiishe upesi. Ikakwama na kutafuna sketi mbili. Tangu hapo aliacha hila.

Basi, mshono ulipobaki upana wa kiganja, uzi wa chini ukaisha.

Mkewe alikuwa kazini, mbali. Bobini nyingine, imejaa, ilikuwa karibu na kidole chake. Nani angejua?

Umeme akasimama.

Kichwa cha mgeni kikachomoza nyuma ya pazia. "Fundi! Unaenda wapi?"

"Mlangoni, ndugu yangu. Nina ahadi."

"Ahadi? Na mimi je?"

"Nipe dakika mbili tu. Nilimwapia mke wangu, na mgongo huu ndio unaolisha nyumba yetu."

Kutoka baraza ya ng'ambo ya barabara fundi mpinzani akapaza sauti: "Kijana, leta huku! Huyo akianza matembezi, utasailiwa ukiwa na kitambaa kiunoni!"

Mgeni akanyakua suruali, akavuka barabara, kitambaa kikipepea kama bendera ya mateka. Mpinzani akaufunga ule upana wa kiganja kwa mizunguko michache ya gurudumu. Kijana akaondoka mbio, suruali nzima, muda ungalipo, nao mtaa ukashangilia.

"Jamani, Umeme ni nani sasa?" akauliza mpinzani.

"Wewe!" wakajibu wauza viatu wa kando ya barabara.

Jina la miaka kumi na moja likavuka barabara hivyo hivyo, mchana kweupe. Shujaa alikuwa mlangoni, mikono kiunoni, kifua mbele. Akavuta pumzi ya tatu. Akavuta ya nne. Akavuta ya tano, ndefu kuliko zote, asiibe hata robo yake.

Waandishi wa enzi na waandike, na wajukuu wasomewe: alirudi kwa miguu yake mwenyewe, akaketi, mgongo umenyooka, wala hakushika meza.