Ombi la Kumfukuza Binti Yangu kwa Kuzidi Adabu

Rayners Lane, London
20 Agosti 1976

Kwa Mwalimu Mkuu, Bwana Jaswant Singh,

Baada ya heshima nyingi, sisi hapa wazima, isipokuwa magoti ya Bwana Matar, mume wangu. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu jirani yangu Balwinder kaniambia wewe ni mzaliwa wa Kisumu. Yeye ndiye aliyenishauri nimlete Sheikha kwenu Punjab, akasema shule ya Masingasinga inafundisha hesabu na kutumikia watu. Mimi nilitaka hesabu.

Mtoto yuko likizo wiki ya sita. Malalamiko yangu ni haya:

1. Viatu. Kwetu mgeni huvua mlangoni, na nasikia hekaluni kwenu pia, na wanafunzi huvipiga rangi kwa thawabu. Sheikha anavipiga vya wageni wangu wote. Bwana Kishor alipotoka hakuvitambua vyake kwa kung'aa, akaona haya kuvaa vya mtu, akaenda kwake pekupeku. Na mvua ilikuwa inanyesha.

2. Dengu. Anapika sufuria ya harusi, kama jikoni la hekalu lenu, mlango wazi, kila apitaye anaketishwa chini, safu moja, mkubwa na mdogo. Msoma mita ya gesi amekula mara tatu. Mita hajaisoma.

3. Hili ndilo limeniuma. Alimketisha Bi Zuwena wa Tottenham ubavuni mwangu. Sisi hatusemezani tangu Unguja, alipoazima mbuzi yangu ya kukunia nazi asiirudishe. Mwalimu, yalipotokea mapinduzi niliacha nyumba, vitanda na vyombo. Ugomvi huu nilitoka nao. Sasa mtoto katuweka sahani moja, nikajikuta nampa chumvi. Jumapili akaja na mbuzi, kumbe aliibeba mpaka huku. Tangu hapo haondoki, nami nimebaki sina wa kumnunia.

Kwa hayo naomba umfukuze. Ndege yake ni Jumamosi ya wiki ijayo, umebaki mwaka mmoja wa shule, na mimi mwenyewe kumzuia siwezi, akiniita mama mara moja nalegea. Wewe andika tu kwamba kazidi adabu. Akienda tena, watu wote hawa ananiachia mimi, na dengu zangu huungua.

Nisalimie bibi nyumbani, walimu, mpishi, na yule mama wa bwenini anayemfunika blanketi mwanangu.

Mimi mwenye kuomba nikiwa nimeinamisha kichwa,
Mama Sheikha

Nimesahau: mwandiko usikushangaze. Chuoni nilisoma Kurani, herufi za Kiarabu tu. Hizi za Kizungu kanifundisha Sheikha likizo hii, kila jioni tukishaosha vyombo, na hii ndiyo barua yangu ya kwanza. Ameisoma yote, kasahihisha makosa saba, maneno ya kumfukuza hakuyagusa. Kaniambia tu, mama, hapo umeandika vizuri. Basi usimfukuze. Ila jibu lako liandike kwa herufi kubwa, nataka kulisoma mwenyewe.