Jiwe Lililotoboa Banda Langu la Kuku

Jumatatu, 3 Machi

Mbingu zimenikumbuka. Zimetumia jiwe, lakini mimi si mtu wa kuchagua.

Nilikuwa nikinywa chai ya saa kumi. Mngurumo angani, kama lori la changarawe linamwaga mzigo juu ya mlima Menengai. Kisha kishindo. Jiwe jeusi liligonga ukuta wa ua na kupasuka. Nusu ikatoboa mabati ya banda langu la kuku, nusu ikaangukia kwa jirani yangu Makokha. Nusu yangu niliikuta ndani ya kiota, nzito kuliko inavyoonekana, imetulia kama yenyewe ndiyo imetaga.

Mugure, mke wangu, alitoka, akatazama juu, akahesabu kuku, akasema nizibe tundu kabla mvua haijaanza. Mtu analetewa nyota nyumbani, yeye anaona paa.

Makokha alilisukuma lake kwa mguu mpaka juu ya turubai la mahindi yake, lisipeperushwe na upepo. Hana maono. Lakini jina lake limeandikwa kwenye kinu chake kwa herufi nyekundu: MAKOKHA POSHO MILL. Jina langu mimi liko kwenye kitambulisho tu, na huko nako picha haifanani nami.

Nimeamua. Jiwe hili litaitwa Jamleck, kama mimi. Litaandikwa vitabuni, nami nitakuwa mtu.

Jumatano, 5 Machi

Nimejisomea elimu ya mawe kwa simu. Bando la intaneti limeisha nikiwa nusu ya njia kwenda Mirihi.

Hata hivyo nimempata mtaalamu, Dkt. Linah Chesang wa Njoro. Maisha yake yote amepima metali zilizo ndani ya mawe. Alianza na mawe ya Menengai akiwa mwanafunzi, akaenda ng'ambo kupima yaliyoletwa kutoka mwezini, sasa amerudi nyumbani na anapima chochote kinachoanguka. Nikamuuliza kwa simu kama anatafuta dhahabu. Akasema hapana, zinki na shaba. Nilimhurumia kimoyomoyo. Kutoka Njoro mpaka mwezini kutafuta zinki, ambayo kila mtu ameiezeka juu ya nyumba kwenye mabati.

Alinieleza polepole. Zinki si ya aina moja. Kuna atomu nyepesi na nzito, ndugu wa tumbo moja, na wataalamu huziita isotopu. Moto mkali ukija, nyepesi hutoroka kwanza kama mvuke. Ukizipima zilizobaki unajua jiwe lilipitia moto gani, hata kama dunia ilikuwa haijakuwepo. Nikamwambia hilo nalijua vizuri. Ndivyo harusi zetu zinavyokuwa ukifika wakati wa kuosha sufuria: wepesi huwaoni tena, wazito wamebaki vitini. Akasema si mfano mbaya.

Atakuja Jumamosi. Ameomba nisilioshe, nisilipake kitu, nisilishike kwa mkono. Nilifunge tu kwenye plastiki safi. "Usijisumbue kabisa, mzee."

Mzee. Nina miaka arobaini na mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Nimelifikiria sana hilo neno la "usijisumbue".

Mgeni aliyelelewa vizuri husema hivyo. Askofu alipotembelea shemeji yangu alisema atakunywa maji tu. Alikula kuku mzima na akafungiwa mwingine wa njiani. Mgeni akisema usichinje, wewe unanoa kisu. Ukimwamini kweli, atakuaga kwa tabasamu, kisha Njoro yote ijue alikuta nini kwako. Na Dkt. Chesang amelelewa vizuri, hata kwenye simu inasikika.

Kwa hiyo nimeliosha. Sabuni ya kipande kwanza. Kisha waya wa kusugulia sufuria, mpaka ile ngozi nyeusi iliyoungua kama ukoko wa ugali ikatoka yote. Mng'ao haukuniridhisha. Nikachukua mafuta ya upele wa nepi ya mtoto wetu Tabby, yale meupe mazito, nikapaka, nikafuta kwa kitambaa cha kanisani. Sasa linang'aa kama kipara cha mwenyekiti wa kamati ya maji.

Mugure aliuliza mafuta ya mtoto yameenda wapi. Nikasema yameenda kwenye sayansi. Akauliza tundu litazibwa lini. Nikasema mwanasayansi haharakishwi.

Jumamosi, 8 Machi

Dkt. Chesang amekuja na pikapu, glavu mkononi. Nilikuwa nimeliweka jiwe mezani juu ya kitambaa cha kufuma, maua kando.

Alivua glavu taratibu, kama mtu anayevua kofia matangani. Akauliza nimelifanyia nini. Nikamweleza hatua kwa hatua, kwa fahari. Nilipofika kwenye waya wa sufuria alifumba macho. Nilipofika kwenye mafuta aliomba kuona kopo. Limeandikwa waziwazi kwamba dawa yenyewe ni ya zinki.

Ameniambia mafuta yameingia kwenye nyufa zote, na zinki ya kopo hilo imeifunika ile ambayo jiwe lilibeba tangu jua likiwa changa. Kwa maneno mengine, akilipima sasa atagundua kwamba chanzo cha ulimwengu ni makalio ya Tabby. Maneno ni yangu, maana ni yake. Mugure alicheka mpaka akashika nguzo.

Akauliza kama kuna kipande kingine. Nilikuwa naanza kusema hakuna. Mugure akasema kiko kwa Makokha, juu ya mahindi. Makokha amekwenda matangani Bungoma, anarudi kesho jioni. Daktari atarudi Jumatatu kuongea naye.

Hali ni mbaya. Makokha akitoa jiwe, jiwe litakuwa Makokha. Atakuwa na kinu na nyota.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Tumbo, nilisema.

Mugure na Tabby walipoondoka niliruka ua nikachukue kile kipande. Hapo nikakutana na jambo ambalo sikulipangia: turubai la Makokha limekandamizwa pande zote na mawe meusi. Mengi. Sisi wa Kiamunyi tunaishi juu ya matapishi ya volkano ya Menengai. Ukichimba shimo la choo unatoa mawe ya kujenga kanisa. Nilichagua lililo zito, lenye sura ya kitu kilichosafiri. Mbwa wa Makokha naye alichagua, akachukua kipande cha suruali yangu.

Nimelifunga kwenye plastiki safi. Sijaliosha. Binadamu hujifunza.

Jumatatu, 10 Machi

Nilimpokea Dkt. Chesang langoni nikiwa na jiwe kabla hajazima gari. Akaliinua, akalisogezea sumaku. Sumaku haikujali.

"Hili halijatoka mbali, mzee. Limetoka hapo juu Menengai, na nadhani lilishuka kwa mkokoteni."

Hapo ndipo Makokha alipopita langoni. Jiwe lenyewe mkono mmoja, ndani ya mfuko wa unga, na kipande cha suruali mkono wa pili. "Baba Tabby, na hiki je? Nimekikuta uani. Nacho kimeshuka kutoka mbinguni?"

Tangu lianguke Makokha hakulishika kwa mkono wala kulifuta vumbi. Ni uvivu, mtaa mzima unamjua. Leo uvivu huo umeitwa uhifadhi bora wa sampuli, na daktari amempa mikono yote miwili.

Nikawahi kuuliza habari ya jina. Daktari akasema mawe ya angani hayapewi majina ya watu. Si langu, si la Makokha, wala lake mwenyewe aliyehangaika nayo miaka yote hii. Huitwa kwa jina la mahali yalipoangukia. Makokha akacheka, akasema yeye ana kinu, kinamtosha. Nikauliza hilo jina la mahali linatoka wapi. Daktari akasema wao huangalia ramani tu.

Ramani.

Alhamisi, 13 Machi

Dkt. Chesang amepiga simu. Ndani ya kipande cha Makokha ni safi kabisa. Jumamosi anakuja na wageni wawili kutoka ng'ambo kuona tundu la banda langu, wapime pembe ambayo jiwe liliingilia. Kingo za mabati zitawaambia kila kitu. Ameomba nisiliguse tundu. Hata mvua ikinyesha, nihamishe kuku. "Liache lilivyo, mzee. Usijisumbue kabisa."

Yule mama ana adabu sana.

Nimenunua bati jipya na rangi nyekundu. Mugure hakuamini macho yake. Alinipikia chapati. Nimeandika JAMLECK kwa herufi kubwa kuliko za Makokha, upande wa juu, setilaiti zisome na ramani zirekebishwe. Kisha nikapanda juu ya banda. Kingo zilizojikunja nikazinyoosha kwa nyundo, zote, zikalala vizuri. Bati likakaa juu ya tundu, misumari pande zote. Mafuta ya Tabby yaliyobaki nikayapaka ili ling'ae.

Imebaki kuchinja. Nitachinja yule kuku mwekundu aliyekuwa kando ya kiota siku ile. Ndiye shahidi pekee aliyebaki, lakini ndiye mnono.