Farasi Mwenye Kifua

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Nimeonana na farasi. Mrefu, mweusi, kope za bibi harusi. Anauzwa rahisi kwa sababu ana kifua: akivuta vumbi, anapumua kwa miluzi. Mwenyewe hakuficha. Amenipa nikae naye hadi Jumamosi, ndipo niamue.

Magodoro ninayoshona hubebwa na punda wa shemeji, kaka wa mke wangu, na kila safari lazima nimbembeleze mpaka koo linikauke. Jumapili nyumba ya wageni inataka magodoro ishirini. Yatakwenda na farasi. Shemeji atakosa pa kuuficha uso!

Jumanne, tarehe 4
Daktari wa mifugo amemsikiliza farasi. Kasema atafanya kazi miaka mingi, ilimradi asikae kwenye vumbi. Kisha akaitazama karakana yangu, pamba imetanda mpaka darini, akauliza farasi atalala wapi. Nikajibu nitafikiri.

Mke wangu kasema mwenye akili angemrudisha leo. Nikamwambia mwenye akili hajawahi kumiliki farasi.

Jumatano, tarehe 5
Nimefikiri! Farasi karakanani, pamba chumbani kwetu. Karakana nimeifagia, nimepiga deki, nimefungua madirisha yote mawili. Sasa nashonea kitandani. Mke wangu ameuliza yeye alale wapi. Swali la haki, ila sikuweza kulijibu, nilikuwa napiga chafya.

Ijumaa, tarehe 7
Farasi anapumua kama mtoto mchanga. Ushindi mtupu. Mimi napiga miluzi kidogo. Mke wangu amekohoa kutwa, kachukua mto wake, kaenda kwa kaka yake. Kasema atarudi pamba ikitoka chumbani. Nilimkumbuka kabla hajafika kona. Lakini Jumapili akiniona nimeshika hatamu, atarudi mwenyewe.

Jumamosi, tarehe 8
Mwenye farasi amekuja kusikia jibu. Nikafungua mdomo kusema nanunua, kikatoka kikohozi. Kikafuata kingine. Akaniwekea sikio kifuani. Kasema pole sana, lakini hawezi kumwacha farasi dhaifu kwa mtu mwenye kifua kama hiki. Nikamwambia ni mafua tu, yatapita. Kasema hata yeye aliambiwa hivyohivyo alipomnunua farasi.

Saa kumi jioni kamuuzia shemeji. Kwa shemeji hakuna vumbi. Hakuna hata kapeti.

Jumapili, tarehe 9
Magodoro yamefika. Farasi alivuta mkokoteni, shemeji kashika hatamu, mke wangu kakaa juu ya magodoro. Mimi nyuma kwa miguu, nakohoa. Shemeji nilimbembeleza mara nne. Farasi aligeuka akanitazama kwa huruma. Mke wangu kasema pamba ikitoka chumbani leo, leo hii anarudi.

Pamba itatoka. Naihamishia jikoni, maana karakana ni safi na kesho ina mgeni. Shemeji ananiuzia punda wake. Pumzi nzuri, miguu mizima, ila anauma. Shemeji hakuficha: anauma wanaomkaribia tu. Nitamfunga mkokoteni kwa mbali.