Geti Langu Halijawahi Kwenda Kansay

Habari ya nyani ilifika kijiweni kabla kahawa haijachemka. Kijiwe chenyewe ni kiti cha nyuma cha Landrova, kimewekwa ndani ya ua wa mzee Patrisi, hapa Karatu, karibu na geti lake la bluu. Landrova iliyonyang'anywa kiti hicho huegeshwa palepale, kama mgeni aliyesahau kuaga. Patrisi ni dereva mstaafu wa watalii, ingawa bado hupeleka mzungu mmoja mmoja. Wanamwita Chesisi kwa sababu mwenyewe husema bodi imechoka lakini chesisi ipo.

"Oneni wenyewe!" Lazaro akanyoosha simu. Yeye hupeleka wageni kreta, na kwa kuwa mwenye kazi hiyo kwa Kiingereza huitwa gaidi, jina limemganda, ingawa kila akijitambulisha hivyo kwenye kizuizi cha polisi hushushwa garini. "Nyani wa kule getini Ngorongoro! Kafungua mlango wa gari, kabeba lanchi boksi ya mzungu, halafu kaurudishia mlango!"

"Ana adabu kuliko konda," akasema Tobiko, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Arash, ambaye kijiwe kizima kinamwita Mnada. "Ero, kijana, sogeza simu. Hilo gari mbona kama nalijua?"

Patrisi akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

"Bampa ya nyuma imeandikwa 'Mungu Hana Haraka'," Gaidi akasoma polepole.

Vichwa vyote vikaigeukia Landrova. Bampa haikukana. Mlango wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa mpira wa baiskeli, fundo lake bado limelegea.

"Nyani hakufungua mlango," Patrisi akajitetea. "Kafungua mpira. Mlango wangu haufunguki hovyo."

"Na haufungiki pia," akasema Mnada.

Sabina, mkewe Patrisi, ambaye ndiye muuza kahawa, akatua birika chini. Birika la Sabina likitua kwa kishindo, kijiwe hukaa wima.

"Baba Hosiana, keshokutwa Jumamosi mwanangu anakwenda kuolewa Kansay. Simpandishi kwenye gari ambalo nyani ana uzoefu nalo. Atapanda Noah ya kaka Julius."

"Noah?" Patrisi akaruka. "Mama Hosiana, mtoto huyu nilimtoa hospitali kwa gari hili, umemviringisha kwenye khanga. Nilimpeleka darasa la kwanza kwa gari hili. Leo anatoka kwangu, akatolewe na Noah?"

Akakohoa, akasingizia tangawizi, lakini aliumia kweli, na kila mmoja aliona.

"Basi tengeneza mlango," Sabina akasema, safari hii taratibu. "Kesho jioni nikiukuta na mpira, ni Noah."

Alipoondoka, baraza likafunguliwa rasmi.

"Bawaba ndizo zimekufa," akasema Gaidi. "Dawa ni kuagiza orijino Uingereza. Wiki sita tu."

"Wiki sita bwana harusi si atakuwa ameshaitwa baba?" Mnada akacheka. "Mzee Chesisi, nisikilize mimi. Chukua ngozi ya fahali, kata mikanda miwili, gongomea. Ngozi haipati kutu."

"Fisi wakifuata harufu je?" akauliza Patrisi.

"Waje! Si mnataka msafara mrefu?"

Hapo akakohoa Yohani, fundi wa kuchomelea, anayeitwa Geti. Nusu ya mageti ya Karatu ni kazi yake, na nusu nyingine ni marekebisho ya kazi yake.

"Wazee, mnasumbuka bure. Bawaba ni bawaba. Namfungia mzee bawaba za geti, zile za pini. Dume chini, jike juu. Jike linamkalia dume, maisha yanaendelea."

"Hizo ni bawaba au mahubiri ya harusi?" akauliza Gaidi.

"Na mlango ukiruka?" akauliza Patrisi.

"Mzee, geti lako hili hapa limewahi kuruka?"

"Geti langu halijawahi kwenda Kansay."

Barabara ya Kansay kila mtu anaijua, na Patrisi anaijua kwa mgongo wake.

"Uzito wa mlango wenyewe ndio kufuli," Geti akasema, kwa sauti ya daktari. "Sasa chagua. Bawaba zangu au Noah ya shemeji."

Patrisi akalitazama gari lake. Mfa maji haachi kutapatapa. "Funga," akasema.

Ijumaa wakalivamia gari. Nati zilikuwa zimeota kutu hadi zikaigomea spana. Wakazimwagia dizeli, wakazigonga nyundo, wakazitukana kwa Kiswahili, Kimaasai na Kiiraqw, na ni hicho cha mwisho zilichokielewa. Nati ya mwisho ilipotoka, Gaidi alidhani Mnada ameshika mlango, Mnada alidhani ameushika Gaidi, na mlango haukumsubiri yeyote. Ulitua kwenye kidole gumba cha Gaidi.

"Uiiii! Mama yangu!"

"Vumilia, harusi haikosi machozi," Mnada akampoza.

Mchana Geti akaenda kutafuta bawaba, akarudi nazo upesi mno. Zilikuwa na rangi ya bluu.

"Umezipata wapi?" akauliza Patrisi.

"Fundi haulizwi, mzee. Na jioni hii geti la ua niachieni mimi, nitalifunga mwenyewe."

Cheche zikaruka, moshi ukafuka, mlango ukapachikwa. Juu ulibaki mwanya wa kupitisha paka, lakini ukifungwa unalia ko! kama friji mpya. Sabina akaja, akafungua, akafunga, akafungua tena. "Haya," akasema. Patrisi alitamani kumkumbatia mbele za watu.

Jumamosi Hosiana alikaa mbele kushoto kwa babake, gauni limejaa hadi kwenye gia. Sabina na kijiwe walikuwa nyuma, juu ya kiti chao kilichorudishwa kwa siku hiyo. Landrova ilikwenda vizuri mpaka korongo la kwanza. Ikaruka, ikatua.

"Baba, mlango umetoka."

"Umetoka wapi?"

"Kwenye gari."

Bibi harusi alikuwa ameudaka dirishani, ameukumbatia. Wakasimama, wakaupachika, wakaendelea. Baada ya makorongo mengine hawakusimama tena. Hosiana aliupachika mwenyewe, akiwa na glavu zake nyeupe.

Kanisani shemeji Julius alikuwa amewatangulia. Aliwaona wakija, akaisogeza Noah awapishe, nayo ikateleza kwenye tope ikaja kuganda ubavuni mwa Landrova, upande wa bibi harusi. Mlango usingeweza kufunguka hata nusu. Upande wa dereva kulikuwa na usukani, na gauni lile lisingepita. Mbele kwaya, nyuma tarumbeta.

"Si nilisema Noah?" Sabina akaanza.

Patrisi akashuka, akajipenyeza katikati ya magari, akaushika mlango kwa mikono miwili, akaunyanyua juu. Ukatoka kama kofia. Akauweka kwapani, akampa bintiye mkono.

"Nilikuleta kwa gari hili, mwanangu," akasema, machozi yakimtiririka bila kusingizia tangawizi. "Nakutoa kwa hili."

Vigelegele! Mama wa bwana harusi akamnong'oneza jirani yake, "Watu wa Karatu wamefika mbali. Milango ya magari yao inavuliwa!"

Jioni waliporudi nyumbani wakiimba, nyimbo ziliishia njiani. Geti la bluu lilikuwa limelala chali. Mbuzi wa jirani walikuwa wamemaliza sukuma wiki yote ya Sabina na sasa wanajadili maua. Sabina akatazama geti, akatazama bawaba za bluu za Landrova, kisha akamtazama Yohani.

"Mzee," Yohani akasema, akirudi kinyumenyume, "ulilalamika geti lako halijawahi kwenda Kansay. Leo limekwenda, limerudi salama."

Sabina hakugomba. Aliamuru Landrova iegeshwe kuziba mwanya wa geti, mpaka fundi fulani atakapopata bawaba nyingine pasipo kuzichomoa mahali. Tangu Jumatatu, anayetaka kahawa hupanda kwa mlango wa kulia akashukia wa kushoto, ndani ya ua. Patrisi hukaa katikati, kifua mbele, akimpokea kila mmoja:

"Karibu. Rudishia mlango, kuna nyani."