Malalamiko Juu ya Mpingo Usiotii Serikali Yoyote

Kilibula, Uvira, Desemba 1964

Kwa Bwana Mkuu wa Ofisi ya Miti,

Kwa heshima zote, minye Gaspard, fundi seremala, ninaushitaki mti uitwao mpingo. Naomba upigwe marufuku.

1. Una kiburi. Mbao nyingine huelea ziwani. Huu huzama kama jiwe. Nilimchongea mvuvi Nkeshimana kasia la mpingo. Lilimponyoka, likaenda chini moja kwa moja, naye akarudi ufukoni akipiga maji kwa sufuria.

2. Unaharibu vyombo. Kiini chake cheusi kimekula meno ya misumeno yangu mitatu. Msumari hauingii mpaka utoboe kwanza.

3. Unaingilia siasa. Waasi walipouteka mji, komanda wao, Ildephonse, aliniita: "Weye fundi, nataka mlango wa gereza ambao hata tembo hawezi kuuvunja." Kwa woga nikauunga wa mpingo, kipande kwa kipande, wiki tano. Siku ya kuupokea akaingia ndani mwenyewe kuujaribu. "Fungeni!" Wakafunga. Ufunguo ukavunjikia kufulini. Wakapiga shoka mpaka mpini ukakatika. Kesho yake askari wa serikali wakafika, watu wake wakakimbilia milimani, yeye akabaki mfungwa bila kukamatwa na mtu. Siku mbili mke wangu Félicité alimpitishia bugali chini ya mlango, naye akiitukana familia yangu yote, ila mpishi.

4. Askari nao walishindwa kuufungua. Ikabidi wabomoe kuta zote za gereza ili wamtoe. Sasa mlango umesimama peke yake uwanjani, umefungwa vizuri kabisa, na kapteni ananiuliza niko upande gani. Nimemjibu: upande wa mbao laini.

Kwa hiyo naomba askari wapelekwe porini kuukamata mti huu popote ulipo. Wabebe misumeno yao wenyewe.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, makarani wote, na yule mlinzi wa mlangoni anayekohoa.

Mimi raia wako mnyenyekevu,
Gaspard

Nyongeza: Wakija kukusanya mpingo, tafadhali wasiingie chumbani kwangu. Siku ya mapigano tulilala chini ya kitanda, minye, Félicité na watoto wanne. Asubuhi nilikuta risasi saba zimekwama ubaoni; hakuna hata moja iliyopenya. Kitanda hicho si cha mpingo. Ni mti mwingine kabisa, jina lake nimelisahau.