Mashindano ya Kumfumbua Tumpale Mdomo

Jumatatu, 2 Juni

Wiki ya saba. Binti yangu Tumpale hajanipigia. Nimemzaa kwa siku mbili nikiuma kanga, leo ananinunia! Sababu? Niliwaambia wakwe zake wa Katumba Songwe kwamba wali wao una mchanga. Ulikuwa na mchanga! Nilitema mbele yao ili waamini.

Kuomba radhi, siendi. Kuanza kupiga mimi, sipigi. Nataka sauti yake tu, hata akohoe.

Nimepata akili. Mashindano ya maneno, kwenye wasapu. Tumpale tangu mdogo hawezi kuona mashindano akapita.

Jumanne, 3 Juni

Jirani yangu Felista ana simu kubwa na majivuno makubwa zaidi. Ametengeneza kundi, akajiweka mkubwa wake! Nikamwambia kundi ni langu, yeye mpishi tu. Akasema mpishi ndiye mwenye mwiko. Nikampa mkungu wa ndizi, akatulia.

Sheria nimetunga mwenyewe. Hakuna kuandika, ni kusema. Neno lako lianzie lilipoishia la mwenzako: akisema kikapu, wewe sema pua. Liwe la kitu kinachoshikika. Na neno nisilolijua mimi si neno. Darasa sikukanyaga, herufi nilizipata kwenye kitabu cha nyimbo kanisani. Kama sijalisikia miaka sitini na tisa, halipo. Zawadi ni jogoo.

Felista akasema hizi sheria ni za wazimu. Nikamwambia ndiyo maana hatashinda.

Watu sita tu, Tumpale akiwemo! Aibu. Nikaamuru aingize ukoo wote wa wakwe. Wakiwa wengi, Tumpale hatashuku.

Alhamisi, 5 Juni

Thelathini na mmoja. Bando linakwisha kama maji kwenye tenga. Anayeongoza ni Mzee Yakobo, baba mkwe wa Tumpale. Sauti yake ni mashine ya kukoboa mpunga.

Mwalimu Hezroni akasema "takwimu". Nikamtoa mchezoni. Akalalamika kwamba yeye ni mwalimu. Nikamwambia vizuri, akaishike hiyo takwimu aniletee.

Tumpale? Kimya. Felista amenionyesha kwenye simu: amesikiliza kila sauti. Kila sauti! Hata chafya hakupiga.

Ijumaa, 6 Juni

Sheria mpya: atakayekaa kimya mpaka jioni moyo wake ni jiwe, na mama yake hamjui. Nimeisema mara tatu. Mzee Yakobo akajibu kwamba ni sheria nzuri sana. Nani kamuuliza?

Jioni. Kimya. Nimelia kidogo jikoni. Ni moshi.

Felista akanikuta. Akacheka mpaka akashika mlango. Akaniuliza, "We bibi, nani alimfundisha Tumpale asifungue mdomo mbele ya baba mkwe?"

Mimi! Mimi mwenyewe, wiki nzima kabla ya harusi! Usimtazame. Usitaje jina lake. Akiingia mlango huu, wewe toka ule. Sauti yako asiisikie. Alipokosea nilimgonga na mwiko. Mtoto kashika kweli. Halafu mimi nimemkalisha chumba kimoja na mzee, namwambia piga kelele!

Hakuna binti mwenye adabu kama wangu Kyela nzima. Nimezidi kukasirika. Kwa nini Felista aone kabla yangu?

Jumamosi, 7 Juni

Njia ni moja. Nikamwambia Felista amtoe Mzee Yakobo kundini. Akakataa. Akasema mzee anaongoza, utamfukuzaje mkwe kama kuku aliyeingia jikoni? Nikamnyang'anya simu, nikabonyeza mwenyewe. Nikatangaza kwa heshima zote: mzee ametolewa kwa sababu anaziba watu midomo.

Nikasubiri Tumpale aseme. Wakaanza kutoka ndugu zake mzee, mmoja baada ya mwingine, kama kumbikumbi. Mke wake akabaki. Akasema anabaki makusudi, asikie nitatukana nini tena.

Jogoo kawika mchana kutwa. Nikamwambia anyamaze na yeye.

Jumapili, 8 Juni

Natoka ibadani, kisimu changu kikalia. Tumpale!

Hakusalimia. Alianza kwa kufoka. "Mama, una kichaa? Mzee wetu unamtoa mbele ya ukoo mzima? Hajala tangu jana! Kwanza ulitema wali wake, sasa hata maneno unamnyima!" Akasema nimemvua nguo ukweni, hana pa kuweka uso, na hatanipigia tena mpaka nizikwe.

Dakika ishirini na moja. Sauti ile ile, hasira ile ile, yangu kabisa. Nyuma yake mjukuu wangu akalia, naye kwa hasira. Nikakaa chini kwenye vumbi na kitenge changu cha kanisani. Nikamwambia ndaga fijo, mwanangu, asante sana. Hapo ndipo alipofoka hasa. Akakata.

Felista alikuwa amesimama pale pale, anasikiliza ya watu. Akasema sasa bibi umejifunza. Nenda kwa Mzee Yakobo ukapige magoti, uombe radhi, na binti atakupigia kila wiki.

Nikamsikiliza mpaka mwisho. Masikini, hana akili yule. Wiki saba nimekaa na heshima zangu, simu haikulia hata mara moja. Nimemtoa mtu mmoja tu, dakika ishirini na moja!

Mama mkwe bado yumo kundini. Namtoa kesho asubuhi.