Stadi Mbili za Ekzosi ya Marehemu Baba

Jumapili, 4 Mei 2025

Siku tano zimebaki mama atoke eda. Miezi minne na ushei hajavuka kizingiti cha mlango wa mbele. Yuko chumbani na tasbihi yake. Ombi lake ni moja tu: Ijumaa nimpeleke Kwihara kwenye kaburi la baba, kwa pikipiki ya baba. Siyo bajaji, siyo gari la mtu. Miaka kumi na minane baba alimbeba kwenye pikipiki ile. Anasema akienda na chombo kingine atajiona anamtembelea mtu baki.

Nimeiwasha leo. Mvua zote imelala uani chini ya turubai. Moshi unavuja pale ekzosi inapoungana na injini, na kelele yake ni aibu kwa msiba. Mdogo wangu Zuwena akasema twende kwa Mfaume. Nikamwambia asinitajie mtu huyo.

Niandike sababu. Mfaume alikuwa mwanafunzi wa baba gereji. Baba alipougua, sanduku la spana alimpa yeye. Mimi, mtoto wa kumzaa, nikapewa redio. Ni kweli mimi ni mpaka rangi wa nyumba. Baba alisema mkono wangu una haraka. Nayachukulia kuwa maneno ya homa.

Jumatatu, 5 Mei

Kazi imeanza. Ekzosi imeshikwa na stadi mbili, vyuma vyenye nyuzi vinavyochomoza kwenye kichwa cha injini, kila kimoja na nati yake. Kutu imevigandisha vyote. Nikaweka spana kwenye nati ya kwanza. Haikusogea. Nikachomeka bomba la maji kwenye mpini ili nipate nguvu. Ikasogea! Furaha yangu ilidumu sekunde moja. Stadi ilikuwa imekatika. Nusu imo mkononi mwangu, kisiki kimebaki kwenye injini.

Mama akauliza kutoka dirishani ni kitu gani kimelia. Nikasema sufuria. Akasema hajawahi kusikia sufuria ikianguka na kutukana.

Jumanne, 6 Mei

Siku nzito. Muuza asali mmoja sokoni alinieleza kwamba chuma kilichoshikana hupashwa moto, kisha kinaguswa na nta, nayo nta inayeyuka na kuzama kwenye nyuzi. Akasisitiza iwe nta safi, iliyochujwa. Nikaona ananibania. Kwetu Tabora asali inatibu kikohozi, inatibu vidonda, inatibu tumbo. Itashindwa kutu? Nikanunua sega zima na asali yake.

Nikapasha kisiki kwa makaa. Nikapaka. Asali ikachemka, ikaungua, ikawa gundi nyeusi. Nikaongeza nyingine. Nikaenda kuswali adhuhuri, nikiiacha dawa ifanye kazi.

Niliporudi pikipiki haikuonekana. Nyuki! Nyuki watupu, kuanzia usukani hadi gurudumu la nyuma. Nikawapiga kwa fagio. Hilo, nakiri, halikuwa wazo zuri. Wakaingia dirishani kwa mama.

Zuwena akapiga kelele kwamba mama atoke, dharura inaruhusiwa, hata shehe angesema hivyo. Mama akakataa. Alisema zimebaki siku tatu, na hawezi kuacha eda ya mume wake kwa ajili ya wadudu. Akajifunika blanketi, akakaa palepale kitandani. Zuwena akawatoa kwa moshi wa matambara. Mama ameumwa sikioni na mkononi, na mkono umevimba.

Hakunigombeza. Aliuliza tu kama pikipiki ni salama. Nikaingia bafuni nikalia, na maji nikayafungulia ili Zuwena asisikie.

Jumatano, 7 Mei

Mama amemtuma Zuwena aniambie niisukume pikipiki hadi kwa Mfaume. Nikajibu kwa heshima kwamba Mfaume si maharimu, na haifai mwanamume huyo kuonekana karibu na nyumba yenye eda. Jibu likarudi: ndiyo maana kasema isukumwe. Ina magurudumu.

Nikageukia stadi ya pili. Nilitafakari kwa makini kosa la Jumatatu, nikalibaini: bomba lilikuwa fupi. Nikaazima refu.

Imekatika. Sasa visiki ni viwili, na angalau vinalingana.

Alhamisi, 8 Mei

Mpango wa siri. Nimeng'oa namba ya pikipiki, nimefunika tanki kwa gunia, nimempa Omari mwenye mkokoteni aipeleke kwa Mfaume. Aseme ni ya mtu wa Igunga. Jina halijui. Mimi nikafuata kwa mbali, nikajibanza nyuma ya duka la mchele.

Omari alieleza vizuri sana, hata akaongeza kwamba mtu huyo wa Igunga ana mke mgonjwa. Mfaume aliondoa gunia. Akafuta vumbi kwenye tanki kwa kiganja, taratibu, akasimama pale muda mrefu. Kisha, bila kugeuka, akaita: "Sabiri, njoo uishike isiyumbe."

Nikaenda. Aligusa ile gundi nyeusi, akanusa kidole, akanitazama. Akaisafisha bila kuuliza. Akaweka nati mpya juu ya kila kisiki na kuichomelea hadi vikashikana. Chuma kilipokuwa bado cha moto akakigusisha nta, safi, iliyochujwa. Akangoja. Nikamwambia ageuze sasa. Akasema bado. Nikamwambia tena. Akasema bado. Halafu spana fupi: robo mbele, robo nyuma, robo mbele, robo nyuma. Dakika arobaini! Visiki vikatoka vyote viwili, taratibu. Akafunga stadi mpya na gaskiti mpya, ile pete ya kuzuia moshi usivuje.

Spana zilikuwa za baba. Nilizijua. Nikamuuliza waziwazi kwa nini alipewa yeye. Akasema hakupewa. Mzee alimwambia amtunzie Sabiri mpaka siku atakapojua kungoja.

Nikamwambia basi naweza kulichukua sanduku leo. Akasema bado.

Ijumaa, 9 Mei

Mama ametoka. Ameoga, amevaa baibui jipya. Pale kizingitini alisita, akatazama barabara kana kwamba imehamishwa. Akapanda kwa upande kama alivyozoea, akanishika kiunoni. Injini ilinguruma vilevile kama zamani, nami nilihisi kichwa chake kimeegemea mgongo wangu.

Kwihara alisimama kando ya kaburi, akaomba dua. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na aliye chumba cha pili: "Mume wangu, nimekuja na pikipiki yako. Nzima. Sabiri ameitengeneza."

Nilitaka kusahihisha. Sikusahihisha. Mkono wake ulikuwa bado umevimba. Nimempenda baba yangu, na sikuwahi kumwambia, na leo pia nilishindwa.

Jumamosi, 10 Mei

Nimewaza tangu alfajiri. Mama si mtu wa uongo. Makaburini ndiyo kabisa. Kama amesema nimeitengeneza, basi nimeitengeneza, na Mfaume alinisaidia.

Jana tukirudi nilisikia injini ikigonga kidogo. Zuwena anasema ni bangili za mama. Wanawake hawana sikio la injini. Saa tatu nimeanza kufungua kifuniko cha juu. Bolti tatu zimetoka bila shida. Ya nne inabisha, lakini sasa nina uzoefu.

Mama ametoka uani kwa miguu yake mwenyewe, akasimama juu yangu. Akaitazama bolti. Akaitazama mikono yangu. Akamwambia Zuwena amletee viatu, anakwenda kwa Mfaume sasa hivi.

Mzazi akifurahi hawezi kukaa na furaha yake ndani. Bila shaka amekwenda kumsimulia.